BARUA YA WAZI: Masanduku ya zana yalipatikana kitambo, mbona ripoti yangu bado inasema nimeyapoteza?

Kwa:
Kamanda wa batalioni niliyotumikia mpaka Juni 2023,
Kapteni aliyekua kamanda wa kombania yangu,
Luteni aliyeandika ripoti yangu,
na wajumbe wa bodi inayosikiza rufaa za tathmini.

Waheshimiwa wakuu,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni sajenti wa sapulai, yaani mtu wa stoo na vifaa, cheo cha E-6, katika Jeshi la Marekani. Nimezaliwa Taita, Kenya, nikaja huku na grini kadi mwaka 2011, mwaka uliofuata nikavaa sare na sijaivua mpaka leo. Sitataja batalioni wala kambi wala jina la mtu. Wanaohusika wakisoma mistari mitano tu watajijua.

Barua hii niliiandika kwanza kwa Kiingereza na mnayo. Mnayo mara tatu, mkitafuta vizuri kwenye mafaili yenu, kwa hivo mtu asije akasema nimewavamia hadharani bila hodi. Hodi nimepiga mpaka vidole vimevimba. Sa hii naandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Ya kwanza, Wakenya, Watanzania na Wakongo tuliovaa hii sare ni wengi, na wengi wetu hatujui kwamba ripoti mbaya inaweza kukatiwa rufaa, tunameza tu tunasema ni mapenzi ya Mungu alafu miaka mitatu inapita mlango unafungwa. Ya pili ni kwamba nimechoka kutafuta maneno laini ya Kiingereza ya kuelezea kitu ambacho sio laini. Mkitaka tafsiri, kwenye batalioni hamkosi askari mmoja anayejua Kiswahili. Muulizeni, atawasomea.

Kwa wasomaji ambao hamjawahi kuishi haya maisha wacha nieleze kidogo. Kila mwaka sajenti anaandikiwa ripoti. Mkubwa wake wa karibu anajaza sehemu yake, anampima kwenye vipengele sita, yaani tabia, mwonekano, akili, uongozi, kuwakuza walio chini yake na kutimiza kazi. Alafu mkubwa wa huyo mkubwa anaandika mistari michache kuhusu kama huyu mtu anafaa kupanda cheo, na anachagua kisanduku kimoja kati ya vinne. Kile cha juu kabisa haruhusiwi kuwapa zaidi ya asilimia 24 ya masajenti wa cheo hicho anaowatathmini, kwa hivo kukikosa sio msiba, wengi tunakikosa na maisha yanaendelea. Mimi nilipewa cha chini kabisa. Ripoti ikishasainiwa inaenda Fort Knox, Kentucky, kwenye faili lako la utumishi, na inakaa huko. Bodi ya kupandisha vyeo haikujui sura wala haijui kama huwa unafungua stoo saa kumi na moja alfajiri ili watu wapate betri za redio kabla ya mazoezi. Inasoma faili tu. Ripoti moja ya hivo katikati ya nzuri kumi ni kama mende kwenye sahani ya pilau, hakuna atakayekuuliza mchele ulikua wa aina gani.

Sasa malalamiko yangu, moja baada ya jingine.

1. Mliniandikia hukumu kabla uchunguzi haujaisha.

Aprili 2023 kombania ilikua inabadilisha kamanda. Kamanda anayeingia lazima ahesabu kila kitu kwa macho yake kabla hajasaini, na kila kitu maana yake kila kitu, mpaka bisibisi. Tulitandaza maturubai kwenye sakafu ya gereji, tukapanga zana mstari kwa mstari, mimi na karatasi mkononi, kapteni mpya anapita ameinama na kalamu. Kwenye orodha kulikua na masanduku sita ya zana za mekanika. Chini yalikua manne. Tukahesabu tena, yakawa manne. Nakumbuka kapteni anayeondoka alisimama pale mlangoni na kikombe cha kahawa, hakusema kitu, akaniangalia tu, na mimi nikajua huo mwangalio utanigharimu.

Ukafunguliwa ule uchunguzi wa hasara ya mali, tunaouita flipo. Hio ndo kanuni na sina ugomvi nayo, mali ya serikali ikipotea lazima mtu aulizwe. Ila uchunguzi ulifunguliwa mwisho wa Aprili, ripoti yangu ikafungwa tarehe 31 Mei, na uchunguzi wenyewe ukaisha Agosti. Tazameni hizo tarehe vizuri. Kwenye ripoti ya Mei luteni ameandika kwamba nilishindwa kulinda mali ya kombania na kusababisha uchunguzi. Kapteni aliyekua anaondoka naye akashuka na hapo hapo, akasema sipaswi kupandishwa cheo. Mwezi wa tano walijuaje matokeo ya mwezi wa nane?

Kanuni yenu wenyewe, AR 623-3, ambayo kila ofisa anaapa anaijua, inakataza kutaja kwenye ripoti uchunguzi ambao haujakamilika. Na haikuwekwa kuwalinda wezi, kwa sababu kanuni hio hio inaruhusu jambo baya likishathibitishwa baadae liongezwe kwenye faili. Kusubiri kusingewagharimu chochote. Mngesubiri miezi mitatu, kama nina hatia mngeandika na mimi ningekaa kimya.

Na ndani ya hio miezi mitatu yakatokea haya. Siku moja saa tano usiku, mimi nikiwa nimeshahamia kambi nyingine, simu ikalia. Ni sajenti kijana wa kombania jirani, ametuma picha. Walikua wanasafisha kontena lao, lile lililorudi kwa treni kutoka mazoezi ya jangwani Fort Irwin, California, na nyuma kabisa chini ya neti za kujifichia wakakuta masanduku mawili. Kijana anauliza kama hizi si zile zangu. Nikamwambia fungua kifuniko, piga picha ndani. Akafungua. Ndani ya kifuniko kulikua na mfuko wa plastiki uliobandikwa kwa ile gundi ya kijani ya jeshi, na ndani ya mfuko kuna fomu ya makabidhiano ya muda, tarehe 11 Oktoba 2022, namba za masanduku zimeandikwa kwa mkono, na chini kuna saini ya aliyekabidhi.

Saini ilikua ya luteni. Luteni huyo huyo.

Nilikaa kitandani naangalia ile picha, naikuza na vidole, naipunguza, mpaka mke wangu akaniuliza kama kuna mtu amefariki.

Na hapa nataka niwe mkweli mbele ya kila mtu. Sisemi luteni alidanganya. Usiku wa kupakia makontena mtu anasaini karatasi hamsini kwa mwanga wa tochi, kombania jirani wamekuja mbio wanaomba masanduku mawili, luteni amewapa, amesaini, nakala yangu ya sapulai haikuletwa, asubuhi yake tuko njiani na jambo limesahaulika. Inatokea. Hata mimi nimewahi kusahau. Ila mtu aliyesahau akikumbushwa na karatasi yenye saini yake mwenyewe, anafanya nini? Mchunguzi aliandika kwamba sina kosa, hakuna aliyekatwa mshahara hata senti, masanduku yakarudi, kapteni aliyeondoka naye akapona maana yeye ndo alikua amesaini mali yote ya kombania na kama ingethibitika ni uzembe wake angeweza kulipishwa mpaka mshahara wa msingi wa mwezi mzima. Wote tulipona. Kitu pekee ambacho hakikupona ni ripoti yangu.

2. Tarehe za vikao vya ushauri sio za kweli.

Sajenti anatakiwa aitwe akae chini na mkubwa wake ndani ya siku 30 za mwanzo wa kipindi cha tathmini, aambiwe anategemewa nini, alafu aitwe tena kila robo mwaka aambiwe anaendeleaje. Tarehe za vikao hivyo zinaandikwa kwenye ripoti. Kwenye yangu ziko nne.

Ya kwanza, Juni 2022, ni kweli, tulikaa kama dakika kumi. Ya Septemba sina kumbukumbu nayo na siwezi kuapa kwamba haikutokea. Ya Desemba tulikutana kwenye korido tukaongea juu ya lori lililogoma kuwaka, na kama hicho ni kikao cha ushauri basi mimi na muuza kahawa wa getini tumefanya vikao mia mbili.

Ya nne ndio iliyonifanya nishindwe kunyamaza. Imeandikwa tarehe 17 Februari 2023. Wakuu, siku hio mimi sikuwepo Marekani. Baba yangu alifariki, ujumbe wa Msalaba Mwekundu ukafika kwenye batalioni, na ni nyinyi wenyewe mlionisainia likizo ya dharura, hilo nawashukuru na sitasahau. Tarehe 17 ilikua Ijumaa. Nilikua mochari kule Voi na kaka yangu, tunabishana baba avalishwe shati gani, kaka anataka nyeupe, mimi nataka ile ya bluu aliyoivaa kwenye picha ya mwisho aliyonitumia. Jumamosi tukamzika juu Wundanyi. Muhuri wa uwanja wa Jomo Kenyatta uko kwenye pasipoti yangu, wa kuingia na wa kutoka. Fomu ya likizo iko kwenye mfumo wenu. Alafu hata mngesahau hayo yote, Ijumaa hio batalioni nzima ilikua mapumziko, ilikua wikiendi ndefu ya Siku ya Marais! Nani aliniita ofisini nikae kwenye kiti gani?

Najua kanuni inasema kukosa ushauri peke yake hakutoshi kuangusha ripoti. Sawa, sijasema kunatosha. Ninachosema ni kwamba karatasi inayodai mtu alikua ofisini huku yuko kwenye mazishi ya babake, hio karatasi mnaiaminije kwa mengine?

3. Kwamba siwezi "kuwasiliana kwa ufasaha."

Hii naipita haraka kwa sababu ikinichelewesha nitaandika nitakayoyajutia. Luteni ameandika kwenye kipengele cha uongozi kwamba nina shida ya kuwasiliana. Hakuna mfano hata mmoja. Sina barua ya onyo, hakuna siku nimeitwa nikaambiwa sajenti leo kwenye redio hukueleweka. Nina lafudhi, ndio, hii lafudhi nilikuja nayo kwenye ndege na ndo hii hii niliyokula nayo kiapo cha jeshi na kiapo cha uraia, na ndo hii hii niliyotumia kuwafundisha askari wangu wawili mpaka mmoja akapata cheo cha sajenti mwaka huo huo. Sisemi ni ubaguzi, hilo neno ni zito na sina ushahidi wa kilichomo moyoni mwa mtu. Ninasema tu kwamba ripoti zangu nne za nyuma, kutoka kwa wakubwa wanne tofauti, hakuna hata mmoja aliyekua na shida ya kunielewa.

Na kwenye kutimiza kazi nimewekewa kwamba sikufikia kiwango. Machi 2023, miezi miwili kabla, wakaguzi wa brigedi walikuja kukagua nidhamu ya sapulai, wakapekua makabati yangu siku nzima, wakatoka na kasoro mbili ndogo ambazo nilizirekebisha kabla hawajafika kwenye gari. Matokeo yao yako kwenye karatasi. Kapteni aliyasoma mbele ya kombania nzima na watu wakanipigia makofi. Kapteni huyo huyo.

4. Uchunguzi wa kamanda haukuchunguza.

Niliomba kamanda wa batalioni afanye uchunguzi wa ripoti, kama ninavyoruhusiwa. Aliyepewa kazi hio hakunipigia simu hata mara moja. Hakuuliza masajenti. Hakuomba fomu ya likizo. Jibu lilikua sentensi mbili kwamba ripoti ni halali. Hapa sina la kuongeza.

Sasa najua mtakayosema, kwa sababu mengine mmeshasema.

Mtasema nilisaini. Nilisaini, tarehe 9 Juni 2023, nyumba yangu ikiwa imejaa watu wa kuhamisha mizigo, mke wangu anashindana nao juu ya kabati, na simu inaita kwamba kama sijasaini leo ripoti itaenda bila saini. Saini ya anayetathminiwa haimaanishi amekubali maoni, hilo mnalijua. Inathibitisha tu kwamba majina ya wakubwa, maelezo ya kazi na tarehe ni sahihi. Na hapo kwenye tarehe ndo nakubali kosa langu bila kuzunguka. Nilipaswa kuzisoma. Niliambiwa zitarekebishwa, nikaamini, nikasaini. Ulikua ujinga. Wewe kijana unaesoma hii na uko jeshini, usisaini kitu huku unafunga masanduku ya kuhama, mwambie anayepiga simu asubiri, hatakufa.

Mtasema ripoti ni maoni ya mkubwa na sio mahakama. Naelewa, tena naelewa kwamba sheria inachukulia kila ripoti iliyoingia kwenye faili kuwa imeandikwa na watu sahihi kwa nia njema mpaka mimi nithibitishe vingine, na kwa ushahidi ulio wazi na wa kushawishi, sio manung'uniko. Mzigo ni wangu na nimeubeba. Lakini maoni yanasimama juu ya kitu. Luteni akisema hapendi ninavyoongoza, hayo ni maoni, siwezi kuyashtaki. Akisema mali imepotea kwa sababu yangu, hilo sio oni, hilo ni jambo ambalo aidha lilitokea au halikutokea, na mchunguzi wenu amesema halikutokea.

Bodi ilinirudishia rufaa yangu Septemba 2024 na kusema, kwa ufupi, kwamba matokeo ya uchunguzi wa hasara yalitoka baada ya ripoti kusainiwa, kwa hivo wakati wanaandika wakubwa wangu waliamini walichoandika. Waheshimiwa, nilisoma hio barua mara tatu nikidhani Kiingereza changu ndo kibovu. Hio sababu mliyoitumia kunikatalia ndo sababu yangu ya kukata rufaa! Hawakutakiwa waandike kile wanachoamini kuhusu uchunguzi ambao haujaisha, ndo maana katazo likawekwa. Ni kama refa anakubali kwamba mpira haujavuka mstari alafu anaandika goli kwa sababu wakati anapuliza filimbi aliamini umevuka.

Mtasema pia nimekimbilia hadharani. Juni 2023 nilimpigia luteni, tukaongea vizuri, akasema atalitazama. Julai nikaomba uchunguzi wa kamanda. Oktoba nikapata zile sentensi mbili. Januari 2024 nikapeleka rufaa, kurasa 31, na maelezo ya watu watano walioniona nikifanya kazi, na ile picha ya kifuniko, na matokeo ya flipo, na pasipoti. Septemba ikarudi. Februari 2025 nikamwandikia kamanda wa batalioni barua ya heshima kabisa, nikaiweka na fomu ya luteni juu kabisa ili asihangaike kuitafuta. Sijajibiwa mpaka leo, hata kwamba imefika. Kwa hivo mnieleze nyinyi, mlango gani nimeuruka?

Na kuna atakaesema songa mbele bwana, ni karatasi moja. Nyumbani wanasema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Kwa cheo changu kuna kikomo cha miaka, usipopanda unatolewa, na mimi sipandi kwa sababu ya karatasi hio moja. Bodi ya vyeo imekaa, jina langu halikutoka. Wale niliosoma nao darasa la masajenti sa hii wananiita kwa simu kuniuliza mambo ya sapulai huku wao wamenipita cheo, na nawajibu, kwani kosa sio lao.

Ninachoomba sio kikubwa.

Kwanza, ripoti iliyofungwa tarehe 31 Mei 2023 iondolewe kwenye faili langu na kipindi hicho kiandikwe kwamba hakikutathminiwa. Sitaki iandikwe upya iwe nzuri. Siombi kusifiwa, naomba tu faili liwe safi. Kama bodi inaona kuiondoa yote ni nyingi, basi angalau sentensi ya uchunguzi itoke, na alama mbili pamoja na kisanduku vilivyojengwa juu ya sentensi hio vitoke nayo, kwa sababu huwezi kuondoa msingi ukaacha ukuta umeelea.

Pili, kapteni na luteni, kila mmoja wenu aandike barua ya mistari michache aseme mwezi Mei 2023 alijua nini na leo anajua nini. Basi. Bodi inasikiliza sana neno la aliyeandika ripoti kuliko neno la aliyeandikiwa, na hilo mnalijua kunishinda. Hamtapoteza kitu. Luteni, wewe sa hii una cheo kikubwa zaidi na nakupongeza kwa dhati, ulikua ofisa mchapakazi, na kuandika "nilisahau nilisaini" hakutakushusha popote.

Tatu, ripoti ikiondolewa, faili langu lirudishwe mbele ya ile bodi maalum ya kupitia upya wale waliokosa cheo kwa sababu faili lao lilikua na kosa. Wanione kama ambavyo wangeniona siku ile. Kama nitakosa tena nikiwa na faili safi, hilo nitalibeba mwenyewe.

Nne, nijibiwe. Hata kama jibu ni hapana, liwe la mtu aliyefungua zile kurasa 31.

Naomba jibu ndani ya siku 30 kuanzia leo. Zikipita, kesi yangu naipeleka kwenye bodi ya kurekebisha kumbukumbu za kijeshi, ile ambayo Bunge la Marekani liliiwekea sheria tangu 1946 na wanaokaa mezani ni raia, sio watu waliovaa sare. Fomu DD 149 nimeshaijaza. Viambatisho vimepangwa. Imebaki tarehe na saini, na safari hii nimesoma kila mstari.

Wenu katika utumishi,

Sajenti wa sapulai, mzaliwa wa Taita

Luteni, namba yangu ni ile ile uliyonipigia tarehe 9 Juni. Ukipiga usiku pia nitapokea.